Gego la Miaka 12: Namna ya Kulinda Meno ya Mwanafunzi Anayebalehe

Mtoto akiwa mdogo, mzazi humsimamia kila asubuhi: panua mdomo, rudia huku nyuma, tema. Akifika miaka 10 au 11 anaambiwa amekua, anakabidhiwa mswaki wake na hakuna anayemtazama tena. Sasa linganisha na ratiba ya meno yenyewe. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya pili huchomoza kati ya miaka 11 na 13, nyuma kabisa, mahali ambapo mswaki wa mtu mwenye haraka haufiki. Kwa maneno mengine, mzazi anaondoa jicho lake wakati uleule ambao meno mapya manne yanaingia kinywani.

Na jino jipya halijakomaa. Gamba lake gumu la nje, enameli, huendelea kukazwa na madini yaliyomo kwenye mate hata baada ya jino kuchomoza. Kabla halijakazika, asidi hulila kirahisi. Likiwa limetoka nusu hukaa chini ya usawa wa jirani yake, mswaki ukapita juu bila kuligusa, na mara nyingine kipande cha ufizi hulifunika mgongoni na chakula kikajificha humo. Wataalamu wanaopima meno ya wanafunzi hupenda kuwachagua wa miaka 12 na wa miaka 15, na sababu inaeleweka: kwenye miaka 12 karibu meno yote ya ukubwani yameshatoka, na kwenye 15 yamekaa kinywani muda wa kutosha kuonyesha yametunzwa vipi.

Mimi si daktari. Nimekuwa mwalimu mlezi wa bweni kwa miaka mingi, na mengi ya haya nimeyapata nikiwa nimekaa kwenye benchi la kliniki ya meno pembeni ya kijana aliyeshika shavu. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya mzazi, mlezi na mwalimu, ila mwanafunzi akiusoma mwenyewe atakuwa ameokoa muda.

Hatua ya 1: Hesabu meno, kisha yaangalie

Mkalishe karibu na dirisha. Chukua tochi ya simu na kijiko kidogo kisafi cha kuvutia shavu. Anza na jino la mbele katikati, hesabu kurudi nyuma upande mmoja. La sita ni gego la kwanza, la saba ni gego la pili. Kwenye miaka 13 hivi, wengi wana saba kila robo ya kinywa, jumla 28. Magego ya mwisho huja baadaye sana, kwa kawaida baada ya miaka 17, na wengine hawayapati kabisa.

Hesabu hii ina faida ambayo watu wengi hawaijui. Gego la sita halikuangusha jino lolote kabla ya kuota. Liliota tu nyuma ya meno ya utotoni. La saba hali kadhalika. Kwa hiyo nimesikia wazazi wenye akili zao timamu wakisema, "Liacheni, ni la utotoni hilo, litang'oka aote lingine." Halitaota lingine. Gego la sita na la saba ni la maisha, na kama lina tundu, tundu hilo halisubiri.

Baada ya kuhesabu, futa meno kwa kitambaa safi yakauke. Usiruke hatua hii. Dalili ya kwanza kabisa ya kuoza ni doa jeupe lililofifia kama chaki, mara nyingi kwenye mstari unaopakana na ufizi, na jino likiwa limelowa mate doa hilo halionekani. Ukiliona, shukuru. Katika hatua hiyo gamba limepoteza madini lakini halijatoboka, na linaweza kurudishiwa madini yake kwa dawa ya meno yenye floraidi na kwa kupunguza sukari. Hakuna haja ya kuchimba chochote.

Weusi ndani ya mifereji ya magego unaweza kuwa doa la rangi tu au ukawa tundu. Usichokonoe kwa pini wala sindano ili kujua. Ncha kali inaweza kulivunja gamba ambalo bado lingepona. Mwachie daktari aamue. Kivuli cha kijivu kinachoonekana kwa ndani, hasa kati ya jino na jino, nacho kinahitaji daktari hata kama kwa juu jino ni zima. Kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha na kurudi ni jipu la mzizi.

Madoa ya kahawia au meupe yaliyosambaa kwenye meno mengi, kushoto na kulia yakifanana, mara nyingi ni kitu kingine: floraidi iliyozidi kwenye maji aliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya taya. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Mtoto mwenye madoa hayo hajaoza meno wala si mchafu, na aambiwe hivyo waziwazi, maana wenzake wamekwisha kumwambia vinginevyo.

Kisha muulize swali moja: kuna mahali chakula hukwama kila siku, palepale? Nilikuwa na binti wa miaka 14, meno meupe pe, fahari ya picha za darasa. Hakuwa na maumivu. Alichokuwa nacho ni nyuzi za nyama kukwama sehemu ileile, upande wa juu kulia, na uzi wa meno aliokuwa akipitisha hapo ulitoka umechanika. Nilitazama kwa tochi, sikuona kitu. Picha ya eksirei ilionyesha magego mawili yanayotazamana, kila moja limeliwa ubavuni, kama maembe mawili yaliyooza pale yalipogusana. Sehemu hiyo haionekani kwa macho ya mzazi. Chakula kinachokwama mahali pamoja ndiyo taarifa yake.

Hatua ya 2: Hesabu mara, acha kuhesabu vijiko

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibikia, na ndipo mzazi mwenye bidii hukosea. Anapunguza sukari kwenye chai na anajiona amemaliza.

Fuata mtiririko wenyewe. Juu ya meno kuna utando laini, ukoga, uliojaa bakteria; mmoja wao maarufu ni Streptococcus mutans. Ukila kitu kitamu, bakteria nao wanakula, na taka yao ni asidi. Ndani ya dakika chache asidi inapanda hadi kipimo chake, pH, ambacho hushuka asidi ikizidi, kinafika chini ya 5.5 hivi, na hapo enameli huanza kupoteza madini. Mate huja kuokoa: yanaizimua asidi na kurudisha madini, lakini kazi hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Mtu akitia kitu kitamu kingine kabla mate hayajamaliza, kazi inaanza upya.

Kwa hesabu hiyo, soda iliyonywewa pamoja na chakula cha mchana ikaisha ni shambulio moja. Soda hiyohiyo, chupa ileile, ikiwekwa kwenye mkoba na kunywewa kidogokidogo tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, ni asubuhi nzima meno yakiogelea kwenye asidi. Sukari haikuongezeka hata chembe.

(Ule mdudu wa jino tuliohadithiwa hayupo. Watu wa mataifa mengi walimwamini kwa maelfu ya miaka, hadi mwaka 1890 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanyia kazi Berlin, alipoeleza kwamba ni bakteria wa kinywani na asidi wanayoitoa. Lakini ukitaka kumfanya mtoto wa darasa la nne apige mswaki, sitakulaumu ukimtaja.)

Fanya hivi. Mpe mwanafunzi karatasi na kalamu kwa siku 3, moja iwe ya mapumziko. Aandike kila kinachoingia mdomoni isipokuwa maji, na saa yake. Asiandike kiasi. Siku ya nne kaeni pamoja, mzungushie duara jekundu kila saa kilipoingia kitu chenye utamu, iwe chai, juisi, biskuti, pipi, maziwa yenye sukari au dawa ya kikohozi ya maji. Asali na juisi halisi ya matunda zinahesabiwa pia. Utamu wake kwa jino ni uleule. Kisha hesabuni maduara.

Karatasi ya kijana mmoja niliyoiona ilikuwa hivi: saa 12 na nusu chai, saa 2 pipi, saa 3 pipi, saa 4 biskuti na soda, saa 5 soda iliyobaki, saa 7 juisi, saa 10 pipi, saa 12 jioni chai, saa 4 usiku biskuti akijisomea. Maduara 9. Alishangaa, maana alijiona hali sana vitu vitamu, na kwa kiasi alikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa ratiba.

Lengeni maduara yasizidi 4, na usiku baada ya mswaki pasiwe na duara hata moja. Njia rahisi ni kusogeza. Ukimpiga marufuku kijana wa miaka 15 utamfundisha kuficha. Mwambie anywe soda yake na mlo, aimalize, kisha maji. Pipi kama lazima, azile baada ya chakula, palepale mezani. Pipi za kuganda na zile za uchachu ndizo mbaya kuliko zote, za kwanza kwa sababu haziondoki, za pili kwa sababu zinaleta asidi yake mwenyewe pamoja na sukari. Soda isiyo na sukari haiozeshi jino kwa njia ya bakteria, ila uchachu wake bado unasaga gamba ikinywewa kila saa. Jojo isiyo na sukari ni msaada wa kweli: inaleta mate.

Kiasi nacho kina umuhimu wake, si kwa meno peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni kama gramu 25. Kopo la soda ya kawaida la mililita 330 lina takriban gramu 35.

Hatua ya 3: Mswaki wa usiku kwanza

Ikibidi kuchagua pa kuweka nguvu, weka usiku. Mtu akilala mate hupungua sana, na kilichobaki kwenye meno hukaa bila mlinzi hadi alfajiri. Wanafunzi wengi hupiga mswaki asubuhi kwa ajili ya harufu ya mdomo, na usiku hulala nao kavu.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Geuza boksi usome: panapoandikwa ppm, namba iwe kati ya 1000 na 1500. Bei na rangi havina maana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na hicho ndicho kipimo lilichokitaja.

Mswaki uwe na nywele laini na kichwa kidogo. Ulalie kidogo kuelekea ufizi, usogezwe kwa miondoko mifupi, dakika 2, asubuhi na usiku. Anzia nyuma, kwa sababu kila mtu huanza mbele na uchovu humfikia kwenye magego. Kwa lile gego linalochomoza kuna ufundi wake: ingiza mswaki kutokea upande wa shavu, ukiwa umekingama na safu ya meno, usugue jino hilo peke yake. La juu linafikika mdomo ukiwa *nusu wazi*. Ukipanua sana, taya huja mbele na kuziba nafasi ya shavu. Jaribu sasa hivi kwa kidole utaona.

Ukimaliza, tema. Usisukutue kwa maji, maana unaiosha floraidi ambayo ndiyo uliyoinunulia dawa. Vijana hulikataa hili siku mbili za mwanzo, kisha wanazoea.

Kama fizi zinatoka damu, usiache. Homoni za balehe hufanya ufizi uvimbe na kuvuja damu haraka pale penye ukoga, na anayeogopa damu akauruka ufizi huo huongeza ukoga. Asugue taratibu mahali palepale kila siku. Ikipita wiki 2 bila nafuu, aende kliniki.

Unga wa mkaa na chumvi ya kusugulia viachwe. Vinang'arisha kwa kukwangua gamba, na gamba halioti tena.

Ili kupima kama kazi imefanyika, akwaruze taratibu karibu na ufizi kwa ukucha msafi. Ukitoka uji mweupe, huo ni ukoga. Tone la rangi ya chakula ulimini, likisambazwa kwenye meno na kusukutuliwa kidogo, huacha rangi pale palipo na ukoga. Bwenini hili lilifanya kazi kuliko hotuba zangu zote. Walipangana mbele ya kioo kuchekana.

Jambo moja la faragha. Aliyetapika asipige mswaki papo hapo. Asukutue kwa maji na asubiri nusu saa, kwa sababu asidi ya tumbo imelilainisha gamba. Ukiona meno ya mbele ya juu yamesagika upande wa ndani, unaotazama ulimi, na hana historia ya kiungulia, inawezekana anajitapisha kwa siri akiogopa kunenepa. Hapo suala si meno tena. Mwite pembeni, zungumza naye kwa upole, na umtafutie msaada wa kitabibu.

Hatua ya 4: Kati ya jino na jino

Uzi wa meno mara moja kwa siku, usiku, kabla ya mswaki. Uukumbatishe kwenye ubavu wa jino moja, uushushe na kuupandisha, kisha jino la pili. Mwenye waya za kunyooshea meno atumie brashi ndogo za kupenyeza, na apige mswaki juu na chini ya kila kibati. Waya zikivuliwa, madoa meupe ya mraba ndiyo yanayowaliza wengi.

Hatua ya 5: Nenda kliniki jino likiwa zima

Magego ya pili yakishatoka kikamilifu, muulize daktari wa meno kuhusu kuziba mifereji ya magego. Ni utando mwembamba unaomiminwa kwenye mifereji ya juu ya gego zima na kugandishwa. Hakuna sindano wala kuchimba, na kwa jino jipya ni ulinzi mkubwa mno. Muulize pia kuhusu floraidi ya kupakwa, ambayo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kulingana na hali ya mtoto.

Anayeogopa mashine, na ni wengi kuliko wanavyokiri, aambiwe kwamba tundu dogo huweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa bila mashine, na ipo dawa ya majimaji yenye madini ya fedha inayosimamisha kuoza ikipakwa tu. Dawa hiyo huacha weusi wa kudumu mahali palipooza, hivyo kwa meno ya mbele ujadiliane kwanza na mwenye meno.

Hatua ya 6: Likianza kuuma, sikiliza linauma vipi

Msisimko mfupi ukila kitamu au ukinywa baridi, unaoisha mara tu ukimeza: tundu limefika kwenye tabaka la pili. Hapo kuziba bado kunatosha, mara nyingi.

Maumivu yanayobaki dakika nyingi baada ya kinywaji, au yanayokuja yenyewe usiku mtu akilala: kiini cha jino, penye mishipa, kimevimba. Kuziba peke yake huenda kusitoshe. Daktari atazungumzia matibabu ya mzizi au kung'oa. Uliza kila mara kama jino linaweza kuokolewa.

Kisha inakuja siku ambayo maumivu yanakatika ghafla. Familia inafurahi, miadi inafutwa. Mara nyingi kiini kimekufa, na maambukizi yanateremka kimyakimya kwenye mfupa. Jipu litafuata.

Paracetamol kwa kipimo cha umri wake inasaidia kufika kesho. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16, na kidonge kisiwekwe kwenye ufizi, kinaunguza. Antibayotiki zilizobaki za mtu mwingine haziponyi jino. Chanzo kiko ndani ya tundu na kitabaki humo.

Uso ukivimba, akapata homa, akashindwa kumeza, kupanua mdomo au kupumua vizuri, usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Hatua ya 7: Jino likigongwa likatoka

Hii haihusu kuoza, lakini kwa umri huu, na mpira unavyochezwa, utaihitaji. Jino la ukubwani lililotoka zima linaweza kurudishwa na likashika, na kila dakika inahesabika. Liokote kwa kulishika kichwa, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze sekunde chache kwa maziwa au maji safi bila kusugua. Lirudishe kwenye tundu lake, sura ileile inayotazama nje, kisha aume leso safi kulishikilia. Akishindwa, litie kwenye maziwa baridi, au alitemee mate kwenye kikombe na lilowe humo. Lisikae kavu na lisifungwe kwenye karatasi. Mfikishe kwa daktari ndani ya saa moja, mapema zaidi ikiwezekana. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuliumiza lile linalosubiri chini yake.